Nembo kama Kitendawili: Uhakiki wa Ngao ya Jiji la Glasgow

Utangulizi

Nembo za mabaraza ya miji na za serikali za mitaa ni miongoni mwa matini zinazotazamwa na watu wengi na kuhakikiwa na wachache mno. Hubandikwa juu ya milango ya ofisi, hupigwa mhuri kwenye stakabadhi za kodi, huchorwa kwenye magari ya takataka na kwenye nguzo za taa. Raia huziona tangu utotoni hadi uzeeni. Hata hivyo, zinapotajwa darasani au katika vijitabu vya serikali, aghalabu hutajwa kwa mtindo wa orodha: simba ni nguvu, kijani ni rutuba, mkuki ni ulinzi, na kadhalika. Mtindo huo huifanya ishara iwe kama msamiati wa lugha ya kigeni, ambamo kila neno lina tafsiri yake moja na kazi ya mwanafunzi ni kukariri.

Makala haya yanaupinga mtindo huo. Yanadai kwamba nembo ya mji husomeka vyema zaidi ikichukuliwa kuwa ni kitendawili. Kitendawili hakikamiliki mpaka pawe na mtegaji na mteguaji, na jibu lake halimo katika maneno yanayosemwa bali katika ujuzi ambao jamii imeuhifadhi nje ya maneno hayo. Kadhalika, maana ya nembo haimo katika ndege au samaki aliyechorwa. Imo katika masimulizi, mazoea na historia ya watu wanaoitazama. Mambo hayo yakibadilika, maana nayo hubadilika, ingawa mchoro ni ule ule.

Mfano uliochaguliwa ni nembo ya jiji la Glasgow, Uskoti. Sababu za kuuchagua ni tatu. Kwanza, ni nembo ambayo watu wa mji wenyewe wameitungia shairi fupi la watoto lenye umbo la kitendawili, jambo ambalo ni nadra. Pili, msemo ulioandikwa chini yake ulipunguzwa maneno, na yaliyoondolewa yanajulikana. Kwa hiyo mhakiki anaweza kupima uzito wa kilichosemwa na wa kilichonyamaziwa. Tatu, suala hili lina umuhimu wa papo hapo nchini Kenya, ambako sheria ya mwaka 2012 iliitaka kila kaunti kati ya kaunti 47 ijitungie alama zake.

Neno na mchoro

Istilahi yenyewe inastahili kuangaliwa kabla ya kuuingia mfano. Neno nembo, kabla ya kutumiwa kwa alama za serikali na mashirika, lilikuwa na maana ya alama iliyochanjwa mwilini, hasa usoni, ili kumtambulisha mtu kuwa ni wa kabila fulani. Istilahi ya Kiingereza imetokana na vazi, yaani joho lililovaliwa juu ya deraya likiwa na alama za mwenyewe ili atambulike vitani. Tofauti hii si ndogo. Vazi huvaliwa na kuvuliwa, chale haivuliki. Anayesema nembo kwa Kiswahili anasema, atake asitake, juu ya alama iliyoingia katika ngozi na iliyomuuma mwenyewe alipotiwa. Mwishoni mwa makala haya itaonekana kwamba neno la Kiswahili linafaa zaidi kuieleza hali ya Glasgow kuliko neno la wenyewe.

Jambo la pili ni kwamba, katika taaluma ya nembo ya Ulaya, matini halisi si mchoro bali ni maelezo ya maneno. Maelezo hayo huandikwa kwa lugha ya kitaalamu iliyojaa msamiati wa Kifaransa cha kale, na yana kanuni zake kali za mpangilio: hutangulia rangi ya uwanja, kisha kitu kikuu, kisha vitu vidogo na mahali pake. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mshika ngao, si kwa mtazamaji aliye mbele yake. Maneno yakisha kuandikwa katika daftari, mchoraji yeyote anaweza kuuchora mti mnene au mwembamba, samaki mrefu au mfupi, mradi asiyakiuke maneno. Huko Uskoti daftari hilo la umma lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1672, na lipo chini ya afisa wa kifalme aitwaye Lord Lyon. Hivyo basi nembo ni sanaa ya lugha kabla haijawa sanaa ya rangi, na mhakiki wa fasihi anayeishughulikia hajaingia shamba la mtu mwingine.

Ngao na visa vyake

Glasgow ilisajili nembo yake mwaka 1866. Kabla ya hapo ilitumia mihuri mbalimbali, na baadhi ya alama zake zilikwisha kuonekana katika mihuri ya maaskofu wa mji huo tangu karne ya 13. Uwanja wa ngao ni wa rangi ya fedha. Chini pana kilima kidogo cha kijani, na juu ya kilima umesimama mwaloni. Kileleni mwa mti ametua ndege mdogo mwenye kidari chekundu. Sehemu ya chini ya shina imekatizwa na samaki aina ya samoni aliyelala chali, na mdomoni ana pete ya dhahabu. Upande wa kushoto wa mshika ngao, yaani kulia kwa mtazamaji, ipo kengele ya kale ya mkono. Juu ya ngao amechorwa Mtakatifu Kentigern, nusu mwili, amevaa mavazi ya kiaskofu, mkono mmoja ameuinua kubariki na wa pili ameshika fimbo ya uaskofu. Wabeba ngao, kulia na kushoto, ni samoni wawili, kila mmoja na pete yake mdomoni. Serikali za mitaa zilipopangwa upya mwaka 1975 na tena mwaka 1996, baraza jipya lilipewa nembo hii hii. Kilichobadilishwa ni taji tu.

Kila kitu katika ngao hiyo kina kisa chake katika maisha ya Kentigern, ambaye watu wa Glasgow humwita Mungo. (Msikilizaji wa Kiswahili asidanganywe na sauti: jina hilo halina uhusiano wowote na Mungu, bali kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni jina la kubembeleza, mfano wa “mpenzi”.) Kentigern aliishi katika karne ya 6 na mwanzo wa karne ya 7, lakini maisha yake yanajulikana zaidi kutokana na kitabu cha Jocelin, mtawa wa Furness, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 12. Kati ya mtu na kitabu, basi, ipo takribani miaka 600, na kwa sehemu kubwa ya muda huo daraja lilikuwa ni mdomo.

Visa vyenyewe ni hivi. Ndege alikuwa kipenzi cha Mtakatifu Serf, mwalimu wa Kentigern. Wanafunzi wenzake walimuua ndege huyo na kumsingizia Kentigern. Yeye akaomba, na ndege akafufuka. Mti, kwa asili, haukuwa mwaloni wala haukuwa mti mzima. Lilikuwa ni tawi la mti mdogo wa msituni. Kentigern aliachiwa zamu ya kuulinda moto wa monasteri, usingizi ukamchukua, na wenzake wenye husuda wakauzima. Alipoamka alitwaa tawi lililoganda kwa barafu, akaomba, likawaka. Kengele haina muujiza. Mapokeo husema mtakatifu aliipata Roma. Ile ya kale ilipotea, na mwaka 1641 baraza la mji lilinunua nyingine, ambayo imo katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho la People’s Palace mjini humo.

Kisa cha samaki ndicho kizito zaidi. Malkia wa nchi ya Strathclyde alimpa mtu mwingine pete aliyopewa na mumewe. Mfalme alipoligundua jambo hilo aliichukua pete kwa siri, akaitupa katika Mto Clyde, kisha akamtaka mkewe aionyeshe, la sivyo auawe. Malkia alimwendea Kentigern, naye akamtuma mtawa akavue samaki. Samaki wa kwanza kuvuliwa alikuwa na pete. Wasikilizaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawatakiona kisa hiki kuwa kigeni, kwani katika visa vya Manabii imo pete ya Nabii Suleiman iliyopotea baharini na kupatikana tumboni mwa samaki. Herodotus naye anasimulia kisa cha Polycrates na pete yake iliyorudi kwa njia hiyo hiyo. Hivyo kisa kinachodaiwa kuwa ni mali ya mto mmoja kimesafiri katika bahari nyingi. Hilo halipunguzi thamani yake. Linaonyesha tu kwamba mji, unapochagua alama ya kujitofautisha na miji mingine, mara nyingi hukopa kilicho cha wote na kukitia mahali pake.

Kukana kama fani

Watoto wa Glasgow wana shairi fupi la mistari minne kuhusu nembo hii. Muundo wake ni sahili: kila mstari unataja kitu kimoja cha ngao na kukikana tendo lake la asili. Ndege hunyimwa kuruka, mti hunyimwa kukua, kengele hunyimwa kulia, samaki hunyimwa kuogelea.

Msomaji aliyezoea vitendawili vya Kiswahili ataitambua fani hii mara moja. Yai huitwa nyumba isiyo na mlango. Mtegaji hutaja kitu kinachojulikana, kisha hukinyima sifa ambayo bila hiyo hakiwezi kuwa kitu hicho. Nyumba isiyo na mlango si nyumba. Kwa hiyo msikilizaji hulazimika kuiacha nyumba na kutafuta kwingine. Kukana ndiko kunakoifungua akili. Kauli ya kukubali, kwa mfano “yai ni jeupe na la mviringo”, ingefunga mjadala kabla haujaanza. Hapa ndipo mtindo wa orodha unaposhindwa: huo ni mtindo wa kauli za kukubali tupu.

Je, jibu la kitendawili cha Glasgow ni lipi? Jibu la mtoto ni kwamba hivi ni vitu vya kuchorwa, vya chuma na vya mawe kwenye nguzo za taa, na mchoro hauruki wala hauogelei. Jibu hilo ni sahihi, na maelezo rasmi ya mwaka 1866 yanaliunga mkono bila kukusudia, kwani yanamtaka samaki alale chali, hali ambayo si ya samaki anayeogelea. Lakini jibu hilo halitoshelezi. Ukilinganishwa na visa vya Jocelin, ukanaji wa shairi unageuka kuwa ubishi. Katika visa ndege alirudishiwa uhai, samaki alikuwa mtoni na pete, na kengele ilikuwepo ili ilie. Yale ambayo masimulizi ya kitawa yanayathibitisha ndiyo shairi linayoyakana. Uskoti iliacha ibada ya watakatifu katika mageuzi ya dini ya mwaka 1560, na shairi hili linaweza kusomwa kama sauti ya jamii iliyorithi picha za imani ambayo haikuwa tena imani yake. Picha zilibaki, shairi likazipa namna ya kuishi bila muujiza.

Pia upo uwezekano wa kusoma jibu la tatu, nalo linauhusu mti peke yake. Huu ni mti ambao haukukua kwa sababu kwa asili haukuwa mti. Lilikuwa tawi la kuni. Daftari la mwaka 1866 linautaja kuwa ni mwaloni kamili, wenye shina, juu ya kilima cha kijani. Tawi lililookotwa ili kuwasha moto limekuwa mti mkubwa wa kujivunia. Badiliko hilo ni sawa na la mji wenyewe, uliotoka kuwa makao ya askofu ukawa mmoja wa miji mikubwa ya viwanda duniani. Hivyo mstari wa mti unasema kweli kuliko daftari.

Huenda msomaji akasema kwamba kuisoma nembo ya Waskoti kwa kanuni za kitendawili cha Waswahili ni kumvika mtu kanzu isiyo kipimo chake. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama umbo la kitendawili lingetoka nje. Lakini wenyewe ndio walioitungia nembo yao shairi la kukana, na katika mtaa wa High Street mjini humo, mwaka 2016, mchoraji ajulikanaye kwa jina la Smug alichora ukutani picha kubwa ya mwanamume wa siku hizi, mwenye kofia ya sufu, aliyemshika ndege mwenye kidari chekundu kidoleni mwake. Picha hiyo haina maandishi ya kuifasiri. Anayejua hujua, na asiyejua huuliza. Huo ndio utegaji.

Utegaji wa Waswahili una kanuni moja ambayo inafaa sana hapa. Msikilizaji akishindwa, mtegaji humwambia, “Nipe mji.” Aliyeshindwa hutaja mji, mtegaji akauchukua, ndipo akatoa jibu. Kwa kawaida kanuni hii huchukuliwa kuwa ni mchezo tu. Lakini ina fikra nzito ndani yake: kutojua jibu kuna gharama, na gharama yenyewe ni mji. Jamii isiyoweza kutegua nembo yake imekwisha kuutoa mji wake kwa yeyote anayedai kulijua jibu, awe ni mwanasiasa, mfanyabiashara au mwandishi wa vijitabu vya watalii.

Maneno yaliyokatwa

Mjadala wa picha hautoshi bila mjadala wa msemo. Mapokeo humpa Kentigern mahubiri ambayo ndani yake aliuombea mji, na maneno hayo yaliandikwa juu ya kengele ya kanisa la Tron iliyosubuliwa mwaka 1631. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: “Bwana, Glasgow na istawi kwa kuhubiriwa neno lako na kusifiwa jina lako.” Nembo iliposajiliwa mwaka 1866, msemo uliowekwa chini yake ulikuwa mfupi: “Glasgow na istawi.”

Kwa mtaalamu wa lugha, upunguzaji huu unaonekana wazi. Vilivyoondolewa ni viwili. Cha kwanza ni mwito, “Bwana”. Kwa kuondoka kwake, sala imegeuka kuwa matakwa yasiyo na mtu wa kuyapokea. Cha pili ni kirai cha njia, yaani maneno yote yanayotanguliwa na kwa. Katika msemo mrefu kustawi kulikuwa na masharti: mji ustawi kwa njia hii, si kwa nyingine. Katika msemo mfupi kustawi hakuna masharti. Kitenzi kimeachwa peke yake, na swali “kwa nini, kwa njia gani, kwa jasho la nani?” halina tena mahali pa kujibiwa ndani ya sentensi. Ifahamike kwamba kustawi, kama kitenzi cha Kiingereza kinachotafsiriwa hapa, hutumika kwanza kwa mimea. Basi chini ya mti ambao shairi linasema haukukua, pameandikwa kitenzi cha kukua, na chanzo cha mbolea kimefutwa.

Historia ya uchumi wa mji huo inalo jibu. Baada ya muungano wa Uskoti na Uingereza wa mwaka 1707, wafanyabiashara wa Glasgow waliruhusiwa kisheria kuingia katika biashara ya makoloni ya Kiingereza ya Marekani. Kufikia katikati ya karne ya 18 Glasgow ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya biashara ya tumbaku barani Ulaya, na tumbaku hiyo ya Virginia na Maryland ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Vita vya uhuru wa Marekani, vya miaka ya 1775 hadi 1783, viliivuruga biashara hiyo, na mahali pake pakashikwa na sukari ya visiwa vya Karibi na pamba, ambazo nazo zililimwa na watumwa. Hata leo katikati ya jiji ipo mitaa yenye majina ya Virginia na Jamaica, na mingine yenye majina ya wafanyabiashara kama Glassford na Buchanan. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833 na kutenga fidia ya pauni milioni 20; fidia hiyo walilipwa mabwana, si watumwa, na miongoni mwa waliolipwa walikuwamo wafanyabiashara wa Glasgow. Nembo ilisajiliwa miaka 33 baadaye. Walioisajili walikuwa karibu na mambo hayo kama walivyo karibu na miaka ya 1990 watu wanaoyasoma makala haya.

Katika ngao hakuna meli, hakuna jani la tumbaku, hakuna muwa. Manchester, kwa kulinganisha, ilipopewa nembo yake mwaka 1842 ilichora meli, na juu ya ngao ikaweka dunia iliyotapakaa nyuki, yaani ilitangaza wazi kwamba mji unaishi kwa biashara na kazi. Glasgow ilichagua utakatifu wa karne ya 6. Haidaiwi hapa kwamba kulikuwa na njama ya kuficha. Alama zile zilikuwapo tangu zamani, na ni kawaida ya mji kushika ulichorithi. Kinachodaiwa ni kwamba nembo haifanyi kazi kwa nia ya waliosajili tu. Ukichora miujiza na kukata kirai cha njia, matokeo ni kwamba ustawi wenyewe unaonekana kuwa muujiza: mji ulistawi, basi, kama tawi la barafu lilivyowaka.

Katika mkusanyiko wa jumba lile lile lenye kengele ya mwaka 1641, imo picha ya jamaa ya John Glassford, mmoja wa mabwana wakubwa wa tumbaku, iliyochorwa katika miaka ya 1760. Pembeni mwake alichorwa mtumishi mweusi. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba alifutwa kwa makusudi, akapakwa rangi juu. Picha ilipokuja kusafishwa na mafundi ilionekana kwamba hakufutwa. Alikuwa amefifia na kufunikwa na uchafu wa miaka mingi. Hakuna mfano bora wa kueleza ukimya wa nembo. Mtu hahitaji kufutwa ili asionekane. Yatosha kwamba hakuna anayeulizia.

Waulizaji walipopatikana, kirai kilianza kurudi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Glasgow, ambacho nembo yake nacho ina ndege, mti, samaki na kengele, kilitoa taarifa ikikiri kwamba kilinufaika na fedha zilizotokana na utumwa. Mwezi Machi 2022 ulitolewa uchunguzi wa mwanahistoria Stephen Mullen, ulioagizwa na baraza la jiji, kuhusu uhusiano wa Glasgow na biashara ya utumwa, na kiongozi wa baraza, Susan Aitken, akaomba radhi kwa niaba ya jiji. Hakuna alama iliyoondolewa katika ngao kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni jibu. Sasa anayesoma “Glasgow na istawi” anaweza kuimalizia sentensi mwenyewe. Hapa ndipo neno nembo, kwa maana yake ya kale ya chale, linapolipita lile la vazi: alama iliyodhaniwa kuwa joho la fahari imeonekana kuwa ni kovu, na kovu lina kisa chake.

Somo kwa kaunti za Kenya

Kenya ina utaratibu wake wa kisheria wa nembo tangu sheria ya mwaka 1968 ilipounda chombo cha kuzitoa na kuzisajili. Katiba ya mwaka 2010 ilipoleta serikali za kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliagiza kila kaunti iwe na bendera, nembo na mhuri wake, ambavyo vitungwe kwa mashauriano na kupitishwa na bunge la kaunti. Neno mashauriano ni zito kuliko linavyochukuliwa. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, mashauriano si kuwauliza wananchi wanapenda rangi gani. Ni kuwauliza wana visa gani.

Kishawishi kikubwa kwa mtunzi wa nembo ya kaunti ni kuorodhesha mazao: ng’ombe, mahindi, majani ya chai, samaki, mlima. Vitu hivyo vina haki ya kutajwa, lakini vikipangwa kama bidhaa dukani havimtegei mtu chochote. Mtoto akiuliza ng’ombe huyu ni nani, hujibiwa kwamba kaunti inafuga ng’ombe. Mazungumzo yamekwisha. Kaunti hizi zina hazina ya ngano, visasili, majina ya mahali na vitendawili katika lugha zake zote, na idara za lugha za vyuo vikuu zimekusanya sehemu ya hazina hiyo kwa miaka mingi. Ni jambo la kusikitisha ikiwa mtaalamu wa fasihi simulizi hapewi kiti katika kamati ya nembo, na kiti hicho kikaachiwa mchoraji wa matangazo.

Mfano wa nembo ya taifa unaonyesha kuwa jibu rasmi pekee halitoshi. Jogoo mwenye shoka katika ngao ya Kenya hufasiriwa kuwa ni mapambazuko ya maisha mapya. Wakati huo huo kila aliyeishi chini ya utawala wa KANU anajua kwamba jogoo alikuwa alama ya chama hicho. Majibu yote mawili yamo katika ndege mmoja, na mwalimu anayelitaja moja na kuliacha la pili amekata kirai, kama kilivyokatwa Glasgow.

Wala isidhaniwe kwamba ukimya ni ugonjwa wa Ulaya peke yake. Mchoro wa jahazi, ukiwekwa katika nembo ya mji wowote wa pwani, utajibiwa upesi kwa neno “biashara”. Ni kweli, lakini majahazi yalibeba mchele, boriti, pembe na watu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mji unaoimba ustawi wake wa kale kwa jahazi bila kuwataja waliofungwa ndani yake, na waliolima mikarafuu na mashamba ya nafaka, nao unasema “na ustawi” bila ya kwa. Mhakiki anayeichambua Glasgow kwa ukali na kuihurumia pwani atakuwa amejipendelea.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ngao ya Glasgow haikudumu kwa sababu maana yake ni moja na thabiti. Imedumu tangu mihuri ya maaskofu hadi baraza la siku hizi kwa sababu imekubali kuteguliwa upya: na mtawa aliyeamini miujiza, na jamii ya mageuzi ya dini iliyoikana, na matajiri wa karne ya 19 waliokata maneno ya msemo, na kizazi cha sasa kinachoyarudisha. Ubora wake kisanaa umo katika kuweza kubeba majibu haya yote bila kubadilishwa mchoro. Kasoro yake imo katika sentensi iliyo chini yake, ambayo iliuruhusu mji usijiulize ulistawi kwa nini.

Kwa ajili hiyo, kazi ya mhakiki wa nembo, iwe ni ya jiji la mbali au ya kaunti ya nyumbani, si kuikabidhi jamii orodha ya maana. Ni kukusanya majibu yaliyopo, kuyalinganisha, na kuonyesha lipi limenyamaziwa na kwa faida ya nani. Asipofanya hivyo yeye, atafanya mwingine, na mwingine huyo hatatoa jibu mpaka apewe mji.